Gauni la Manjano la Asya

"Nikuonyeshe alipo?" Pandu alimuuliza langoni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Unionyeshe mwanangu mwenyewe?" Mwanakhamis akamjibu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Pandu. Weye kaa hapo, unywe kahawa yako."

Walikuwa wameachana kwa wema hawa wawili, na miaka yote minne ambayo Mwanakhamis alikuwa Maskati akifanya kazi za nyumba za watu, Pandu ndiye aliyemlea binti yao, Asya, kule Kiuyu. Mama mtu karudi jana usiku, kafikia kwao. Leo sikukuu pili, na watoto wote wamo ndani ya kiwanja cha kufurahishia watoto. Haya, mjuaji akaingia.

Ndani, vurumai tupu. Mwenye kiwanja mwaka huu kakifanya chote cha popo, wale popo wakubwa wa kwetu Pemba. Popo wa bati juu ya lango, popo wamechorwa ubavuni mwa treni, na viti vya bembea la kuzunguka vimekatwa mfano wa mbawa. Watoto wanarushwa juu, miguu inaning'inia, wanapiga makelele mpaka kaswida ya kwenye spika haisikiki. Vumbi, moshi wa mishikaki, kanzu mpya zishachafuka.

Mwanakhamis hakutazama popo wala nini. Alikuwa anatafuta gauni la manjano la marinda matatu. Kalishona kwa mkono wake Maskati, kwa cherehani ya tajiri yake, akalituma kabla ya Ramadhani. Simu ya Pandu ni kitochi, sauti zilipita, picha hazikupita. Basi gauni ndilo litakalomwonyesha mtoto. Hilo hakumwambia mtu, na mwenyewe hakupenda kulifikiri.

Akenda kwenye vigari vya kugongana. Hamna. Akenda kwenye jumba la kurukia lililojazwa upepo, akainama, akachungulia mpaka mlinzi akamuuliza, "Bibie, umepoteza kitu?" Akarudi kwenye bembea. Roho haikai, miguu haikai, mtandio unamteleza, anauvuta, unateleza. Kilichokuwa kinamla ni kimoja tu: je, nikimwita akanitazama kama mgeni? Mtoto wa miaka sita unamwacha, wa miaka kumi anakukumbuka nini?

Mara akaliona. Manjano, marinda matatu, behewa la nyuma la treni. Mwanakhamis akapita katikati ya watu bila hata kusema hodi, akasimama kwenye kamba, akasubiri treni izunguke mzunguko mzima. Iliposimama alimbeba mtoto juu juu, akamkumbatia, akaanza kulia.

"Asya, mama. Asya wangu."

Mtoto akakakamaa. "Mie si Asya," akasema. "Mie Safaa."

"Muache, mama, unamtisha," sauti ikasema nyuma yake. "Huyo mdogo wangu. Wa mama mdogo."

Safaa alikuwa mtoto aliyekuja na mke mpya wa Pandu. Aliyesema alikuwa msichana mrefu, kamfika Mwanakhamis begani, kavaa baibui, viganja vimekolea hina, kashika malai mbili za barafu zenye vijiti, moja kila mkono.

"Gauni halikunienea," Asya akasema. "Hata mkono haukupita. Nikampa yeye."

Mwanakhamis alimweka Safaa chini taratibu. Kumbe kamshonea yule mtoto aliyemwacha bandarini, na yule mtoto hayupo tena. Iliuma, wala asikudanganye mtu.

"Ulikuwa wapi, mwanangu? Nimekutafuta kiwanja kizima."

"Nilikuwa pale penye bembea. Umenipita mara tatu." Asya akampa Safaa malai yake. "Mara ya pili mtandio wako umenigusa. Nikanyamaza, nione kama utanijua."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: jua lilinipiga machoni, watu wengi, vumbi. Mwanakhamis aliuonja, akaumeza.

"Sikukujua," akasema.

Asya alimtazama sana. Malai ilikuwa inamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono, wala hakuifuta.

"Mie nilikujua tangu langoni," akasema.