Kengele ya Bosi

Mambo yaliharibika Jumanne, siku lifti ilipogoma. Mke wangu alitoka sokoni na mzigo wa viazi. "Panda polepole, mama, kesho itapona," msimamizi wa jengo akamwambia. Akapanda. Ghorofa ya tatu akakaa kwenye ngazi kama mtu anayepumzika kidogo, na hakuinuka tena. Sisi tulikaa ya nne.

Kesho ya wakubwa ni ndefu. Ilimeza mvua, ikameza jua, na lifti bado imenuna.

Mbwa wetu jina lake Bosi. Mke wangu ndiye aliyempa, kunikera tu, maana alijua mimi na mabosi hatuivi. "Angalau huyu atakuja mlangoni kukusalimu, baba." Muongo! Bosi alimsalimu yeye. Mimi nilishona makochi humohumo ndani, majirani wa ghorofa yetu walishahama, kwa hiyo kengele ya lifti ilikuwa ya mama peke yake. Ikilia ting, Bosi huyo mlangoni, mkia unafagia sakafu.

Kisha uzee ukamkamata kiunoni. Miguu ya nyuma ikawa ya kuazima. Nikamshonea mkanda wa kochi, ule mpana wa kubebea matakia, nikampitishia tumboni, nikawa namshusha ngazi na kumpandisha, wazee wawili tunahema kwa zamu. Ghorofa ya tatu tulipumzika. Hatukuambiana kwa nini.

Mchana alilala juu ya vipande vya sponji, na usingizini miguu yake ilikimbia. Nilimtazama mpaka nami nikasinzia, nikawafuata: mbwa mbele, mke wangu nyuma na kikapu, njia tambarare, nyeupe kama pamba, ngazi hakuna popote.

"Siku akikataa kusimama, nipigie, nije na sindano ya mwisho," daktari wa mifugo alishaniambia. "Usimtese, mzee."

Asubuhi moja alikataa. Nilivuta mkanda, akawa mzito kama gunia lenye maji. Nikambembeleza, nikamtukana, nikamwomba radhi. Akafumba macho. Basi nikachukua simu.

Ting.

Masikio yalitangulia. Kisha kifua. Kisha, sijui kwa nguvu za nani, ile miguu ya kuazima. Bosi akasimama bila mkanda, akaenda anayumba hadi mlangoni, mkia unafagia. Nikafungua, na Mungu anisamehe, nilikuwa nishajiweka sawa kupokea kikapu.

Akatoka msimamizi wa jengo, meno yote nje. "Mzee! Si nilikwambia? Imepona!"

Bosi alimnusa viatu. Akachungulia nyuma yake, ndani ya lifti, kona hadi kona. Kisha akamwinulia macho, akabaki hivyo, anatetemeka lakini hakai.

Tabasamu likamshuka yule bwana. "Mbona ananitazama hivi?"

"Anakuuliza."

"Ananiuliza nini?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mbona umekuja peke yako?"