Aliyemchinja Ng'ombe wa Fransisko

Jina la kijiji chenyewe silitaji. Kipo barabara ya Kisaki, na watu wake wakija mjini wakaniona nimekaa kibarazani Mafiga nasuka nywele, huvuka wakapitia upande wa pili. Wavuke tu, barabara si yangu. Mimi ndiye Asia, mjane wa Halidi, yule bodaboda aliyegonga ng'ombe. Kila mtu anaisimulia habari hii anavyopenda. Wengine wamefikia kusema Halidi alikuwa amelewa, Halidi ambaye hata soda haimalizi. Basi na mimi nasimulia, na anayetaka kununa anune.

Mume wangu alikuwa mtu wa tahadhari mpaka anakera. Pale kijiweni wenzake walimwita Mwalimu, kwa kumtania, maana hakuchoka kuwahubiria. Helmeti kichwani, abiria naye na yake. Ukiona mbuzi mmoja barabarani, jua wenzake wako majanini. Mnyama akikatiza usipite mbele yake, pita nyuma, kwa sababu mnyama akishaanza kuvuka harudi. Aliyeanguka mlazeni, msimsimamishe, hata akisema hajaumia. Hayo aliyasema kila siku. Mimi lile helmeti nililichukia, linanibana misuko, na msusi nywele zake ndizo tangazo lake. Nilimtukana kila nikilivaa, naye anacheka tu, ananifunga mkanda wa kidevuni kama ananivisha kilemba.

Ijumaa ile tulikuwa tunarudi kutoka Kisaki, tulikwenda kumwona shangazi yangu anayeumwa. Halidi alitaka kuwahi swala ya Ijumaa njiani, lakini barabara ilikuwa mbovu kwa mvua na hakukubali kukimbiza pikipiki. Tukafika kwenye kona moja, mabingobingo yamesimama pande zote mbili, marefu kuliko mtu. Ndama akachomoka kushoto, akavuka. Halidi akapunguza mwendo, akapita nyuma yake kama alivyokuwa akifundisha. Nyuma ya ndama alikuwa anakuja mama yake.

Mimi nilirushwa kwenye majani, nikaamka na michubuko ya mkono. Kichwa changu kizima, na ni kwa sababu ya lile helmeti nililolitukana. Ng'ombe alitumbukia mtaroni, mguu umevunjika, shingo imepinda, anakoroma. Halidi alikuwa amekaa katikati ya barabara, ameshika tumbo. Usukani ulimwingia hapa, chini ya mbavu. Nilimfunua shati nisione hata tone la damu. Nikamwambia alale. Akalala, na hapo ndipo nilipoogopa, maana Halidi hakuwa mtu wa kunitii mara moja.

Watu wakaja mbio. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepata wa kutusaidia. Loo! Walitupita. Walitupita kama tumelala pale kwa hiari yetu, wakaenda mtaroni kwa ng'ombe. Nikawasikia wanabishana, wanaulizana nani atachinja, na kisu kiko wapi.

Kwetu Morogoro hakuna asiyejua jambo hili. Mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu hakiliwi. Na akichinjwa, anachinja Mwislamu, ili watu wote wa kijiji wale, wa msikitini na wa kanisani. Ndivyo tunavyoishi na sijawahi kuona ubaya wake. Lakini ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa, na msikiti wao uko ng'ambo ya mto. Wanaume wa Kiislamu wote walikuwa huko. Pale barabarani walibaki wanaume wa kanisani, wanawake na watoto. Ng'ombe anakata roho, na kumfuata mtu msikitini ni mwendo mrefu wa kushuka na kupanda.

Mwenye ng'ombe alikuwa Fransisko, mfanyabiashara wa ndizi, mtu mpole wa sauti. Gari lake aina ya pikapu lilikuwa pale pale, chini ya mwembe wake, na halikuwepo gari jingine. Nilimwendea nikapiga magoti kwenye tope. Nikamwambia mume wangu kaumia ndani, nikamwomba atupeleke mjini. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema hana ubishi, atatupeleka, ila ng'ombe ndiye huyo huyo aliye naye, akifa kibudu amekosa ng'ombe na nyama. Achinjwe kwanza, nyama ipakiwe, twende wote safari moja. Akamtazama Halidi, akawaambia wenzake kuwa huyu mzima, hata damu hana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na mkono wake ulikuwa juu ya mfuko.

Nikasema, basi nitachinja mimi.

Sikuwa natania. Nimesoma chuo cha Kurani miaka yangu yote ya utoto pale Mafiga, na ustadhi wetu alitufundisha kwamba mwanamke Mwislamu akichinja, nyama ni halali. Kuku wangu nachinja mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa keshaleta kisu, nikakinyakua nikashuka mtaroni. Nikakuta mkono umenishika kiwiko. Alikuwa Bi Mwanvita, mama mtu mzima, mjane wa mwalimu wa chuo cha pale kijijini. Kashika tasbihi mkono mmoja, na mkono wa pili ananinyang'anya kisu, taratibu, kama anamnyang'anya mtoto.

"Mwanamke hachinji, mwanangu," akasema. "Nani atakula?"

Nikamwambia shikamoo kwanza, maana nimelelewa, halafu nikamweleza niliyosoma. Wanawake wenzake wakacheka. Mmoja akasema wa mjini siku hizi wataswalisha hata wanaume. Nikamweleza tena, nikilia sasa, nikamwambia Bi, mume wangu anakufa pale. Bi Mwanvita akageuka akamtazama Halidi barabarani, kisha akamtazama ng'ombe. Akasema, mbona mwanamume Mwislamu tunaye.

Wallahi nilidhani nimesikia vibaya. Lakini watu walifurahi. Walifurahi, jamani, wakamwendea Halidi kwa maneno mazuri, wakimpa pole ambayo hawakumpa tangu tuanguke. Wakamwambia ni kitendo kidogo tu cha mkono, na ng'ombe yuko hapo hapo, na gari linamngoja. Nikajitupa juu yake. Nikawaambia asisimamishwe, yeye mwenyewe ndiye anayefundisha hivyo. Wakanitoa.

Na Halidi, Mungu amrehemu, tabia yake moja ilikuwa hiyo, hajui kukataa. Hiyo ndiyo hasira yangu naye mpaka leo. Alinitazama, midomo imeanza kuwa na rangi ya majivu, akaniambia: "Nipe, Asia. Tumalize tuondoke."

Wanaume wawili wakamnyanyua kwa makwapa, wakamtembeza. Alitembea, mkitaka kujua. Alishuka mtaroni kwa miguu yake, jasho linamtiririka. Wakaulizana kibla kiko wapi, naye akawaonyesha kwa kidevu, kule barabara inakokwenda mjini. Wakamgeuza ng'ombe. Wale wawili ikabidi wamwachie, washike pembe na miguu pamoja na wenzao, maana mnyama alikuwa anatapatapa. Mimi nikamshika mume wangu kiuno kwa nyuma, kifua changu mgongoni mwake. Nilikuwa nahisi tumbo lake chini ya viganja vyangu, limekuwa gumu kama ubao.

Ng'ombe alilia kwa sauti kubwa. Watu walikuwa wanapiga kelele, shika huku, vuta kule. Halidi akainama, na mimi nikainama naye. Akasema Bismillahi, Allahu Akbar. Aliisema kwa pumzi tu, na hakuna aliyekuwa karibu na mdomo wake isipokuwa mimi. Aliisema yote, hakukata hata herufi, kisha akapitisha kisu.

Baada ya hapo hawakumhitaji tena. Akalala kwenye ukingo wa mtaro, kichwa kwenye mapaja yangu, akaomba maji. Wakaanza kuchuna. Nikawakumbusha gari, wakasema tayari, dakika hii hii. Wakakata mapaja, wakabishana juu ya utumbo, wakapeleka mtoto kutafuta majani ya mgomba ya kutandika. Bi Mwanvita alitaka paja zima, alikuwa na hitima ya marehemu mumewe Jumapili ile, akamchagulia Fransisko lipi amkatie. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Mwanamke mmoja akaniambia nimtegemee Mungu.

Tulipakiwa mwisho, nyuma, pamoja na nyama, kwa sababu mbele walikaa Fransisko na shemeji yake. Hapo ndipo Fransisko alipoendesha kweli, siwezi kumsingizia. Kwenye kituo cha afya njiani mganga mmoja kijana alipanda garini akambonyeza Halidi tumbo, akasema damu inavujia ndani, wahini mjini apasuliwe. Akaniuliza kama baada ya kuanguka aliwahi kutembea. Nikamjibu kwamba alichinja ng'ombe. Yule kijana alinitazama, akashuka, akagonga bodi la gari ili tuondoke.

Halidi alikata roho kabla hatujafika Mkuyuni. Alikuwa ananishika kidole, akakiachia. Nikagonga kioo cha mbele. Fransisko akasimamisha, akaja nyuma, akavua kofia. Alisikitika, nilimwona anasikitika. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole, kwa kuwa sasa hakuna haja ya hospitali, je, tupitie kwanza kwa mwenye bucha, maana jua ni kali na nyama itaharibika.

Tulizika kesho yake. Nikaingia eda chumbani kwa mama mkwe, mama yake Halidi, bibi wa watu ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Hakunilaumu hata siku moja. Alikaa nami mkekani, mkono wake begani kwangu, na kila mwanamke aliyeingia kutupa pole alimuuliza swali hilo hilo, mwanawe alikufaje, naye anajibu kwamba hajui, alikuwepo Asia. Mimi sikuwa nasema. Nilikuwa nangoja nipate nguvu nimwambie mambo yake mazuri, kwamba maneno ya mwisho ya maana kutoka mdomoni mwa mwanawe yalikuwa jina la Mungu. Niliyaweka kama zawadi yake.

Siku chache baada ya maziko akaja Bi Mwanvita.

Alikuja na wenzake wawili, wametoka kijijini na basi la alfajiri. Nilipomwona mlangoni damu ilinipanda kichwani. Aliingia, akaketi, akatoa ubani, akalia kidogo. Alikuwa amesawijika. Kisha akasogea karibu yangu akaanza kuzunguka kwa maneno. Akasema baada ya hitima wanaume waliokuwa swalani siku ile waliuliza nani alisikia Bismillahi wakati wa kuchinja. Hakuna aliyesikia. Walioshika pembe wanasema marehemu hakufungua mdomo. Na yeye nyama ile ndiyo aliyopikia hitima ya mumewe, wamekula mashekhe, wamekula mayatima, wamemwombea maiti wake juu ya sahani zile. Tangu maneno hayo yaanze halali usingizi. Anaota mumewe anakataa kupokea sahani.

"Wewe ulikuwa umemkumbatia, mwanangu," akasema. "Alitaja?"

Nilimtazama ule mkono wake ulioninyang'anya kisu. Ulikuwa umeshika tasbihi. Akanitafutia njia mwenyewe, maana mwalimu wao wa sasa amemwambia kwamba aliyesahau kwa maumivu, Mungu humsamehe, na nyama inabaki halali. Akaniambia labda alisahau tu, masikini. Akanisihi niseme hata hivyo tu, kwamba alisahau, itamtosha.

"Hakusahau, Bi," nikamwambia. "Nilimkumbusha. Akasema hataji."

Chumba kizima kilisikia. Wenzake wakatazamana. Tasbihi ikamdondokea Bi Mwanvita mapajani. Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi, tangu Ijumaa ile sikuwa nimepata pumzi kama niliyoipata pale. Nikamtazama anavyohangaika kusimama, wenzake wanamshika makwapa, wanamtembeza kuelekea mlangoni.

Hajatoka, nikasikia sauti ya mama mkwe. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yupo, pale pale pembeni yangu.

"Mwanangu alikataa kumtaja Mungu, Asia?"

Bi Mwanvita akasimama kizingitini, akageuza uso. Bado alikuwa na tamaa, niliiona machoni mwake, kwamba labda kwa huyu mama sitathubutu. Neno moja tu lingenitoka, na wote wawili, mama wa Halidi na yule mwanamke, wangelala usingizi usiku ule.

"Alikataa, mama," nikasema.

Mama mkwe akauondoa mkono wake begani kwangu, akavuta kanga, akajifunika uso.