Adhabu ya Mstari wa Nyuma

Mestre Abdurremane alipoinama kukagua pikipiki ya Carimo, aliziona nati nne za kichwa cha mashine ziko wazi, hazina hata tone la rangi. Akainuka, akafuta miwani kwa pindo la shati, akainama tena. Alikuwa ameona sawasawa. Jana Jumamosi, kwa mkono wake mwenyewe, alizitia nati zile rangi nyekundu ya kucha, kama alivyotia za waendeshaji wote kumi, ili atakayefungua mashine yake kabla ya mashindano aipasue alama na ajulikane.

"Carimo, mwanangu, umeifungua mashine?"

"Sikuifungua, mestre. Wallahi sikuigusa."

Waendeshaji wengine walishasogea. Hao ndio vijana wanaobeba abiria kila siku kati ya Palma na Quionga, na mara moja kwa mwaka barabara yao ya mchanga hufungwa ili washindane. Sheria za mashindano aliziandika Abdurremane, mestre wao, yaani fundi mkuu, aliyejifunza kazi kwa kufungua na kufunga, bila kukaa shule ya ufundi hata siku moja. Mashine isizidi ujazo wa cc mia na ishirini na tano. Alama ikikosekana wakati wa ukaguzi, mwendeshaji anapoteza nafasi aliyoipata kwenye majaribio, anaanzia mstari wa nyuma.

Asiyeijua barabara ile angesema hiyo ni adhabu ndogo. Lakini anayeanza nyuma hula vumbi la wote na haoni kilichoko mbele yake. Mwaka jana Saide, kijana wa Quionga, alianzia nyuma kwa kosa hilihili. Aliapa kwamba hakufungua mashine, akaomba ifunguliwe ipimwe mbele ya watu. Abdurremane akamjibu kwamba sheria imeshasema. Katika mzunguko wa kwanza Saide aligonga pikipiki iliyokuwa imeanguka ndani ya vumbi. Goti lake halikurudi kama lilivyokuwa, na pikipiki yake iliuzwa vipande vipande. Siku hizi anauza petroli ya chupa kando ya barabara, na wenzake wa zamani wakipita humwita Mia Hamsini, kwa ile mashine kubwa wanayosema aliificha.

Leo meza yake ya chupa ilikuwa hatua chache tu kutoka mahali pa kuanzia, hapo Palma.

"Carimo, rangi umempelekea mchumba ajipake kucha?" mmoja alitania, wakacheka.

Rafique hakucheka. Yeye alikuwa wa pili kwenye majaribio, nyuma ya Carimo. "Aende nyuma, mestre. Au sheria ile ni ya watu wa Quionga peke yao?"

Kicheko kikakatika. Wengine walimtazama Saide, wengine wakatazama chini.

Abdurremane alikuwa anaangalia tangi la Carimo, lenye namba mpya, nne nyeupe iliyochuruzika kidogo miguuni.

"Namba umeandika lini?"

"Jana, baada ya kututia alama. Si ndivyo ulivyoagiza? Alama kwanza, namba baadaye."

"Kakuandikia nani?"

"Mwenyewe. Wenzangu walienda kwa yule fundi wa vibao sokoni. Mimi rangi ilinichuruzikia mpaka kwenye mashine, nikaifuta kwa diluente."

"Kitambaa kiko wapi?"

Carimo alikitoa chini ya kiti. Bado kilinuka ile diluente ya kuyeyushia rangi. Abdurremane alichukua nati kuukuu kutoka kwenye kisanduku chake, akaitia rangi ya kucha, akaiacha juani hadi ikakauka kabisa. Kisha akalowesha pembe ya kitambaa kwa diluente, akaipitisha juu ya nati mara moja tu. Nati ikabaki tupu.

Aliikumbuka namba ya Saide ya mwaka jana, saba iliyopinda, kazi ya mtu asiyezoea brashi. Aliiona siku ile, hata akatabasamu. Hakumuuliza kitu.

"Tunafungua mashine," alisema.

"Mestre!" Rafique alipaza sauti. "Askari wa posto ya polisi wametupa barabara mpaka saa tisa. Ukifungua na kufunga, tutakimbia saa ngapi?"

"Mtakimbia mizunguko miwili badala ya mitatu."

"Sisi tupunguziwe kwa kosa lake?"

"Kosa si lake, Rafique, ni langu. Mimi ndiye niliyeweka alama kabla ya rangi ya namba."

Saide alikuwa amesogea akiuvuta mguu. Aliketi juu ya kopo tupu, karibu na mahali Abdurremane alipotandaza gunia la vyombo.

"Mwaka jana nilikuomba hivihivi," alisema.

"Uliniomba."

"Ukaniambia sheria imeshasema."

"Nilikwambia."

Nati zikafunguliwa, kichwa cha mashine kikatoka. Abdurremane alipanguza silinda, akaipima mdomo, akamwita Rafique aje asome kipimo mwenyewe.

"Milimita hamsini na sita na nusu," Rafique alisoma polepole. Ingekuwa mashine ya mia na hamsini, kipimo kingefika sitini na mbili. "Haya. Ni mia na ishirini na tano. Abaki mbele."

Carimo aliketi mchangani.

"Na yangu, mestre?" Saide aliuliza. Hakuinua sauti, lakini wote walimsikia. "Waambie hawa kwamba na yangu ilikuwa salama."

Neno lenyewe lilikuwa jepesi kulisema, na watu wote pale walikuwa tayari kulipokea. Abdurremane aliiweka spana chini.

"Siwezi, ndugu yangu. Sikuipima, na sasa haipo. Ninaloweza kusema ni kwamba nilikupeleka nyuma bila kutazama, na kwamba alama yako huenda ilifutwa na agizo langu mwenyewe. Adhabu ile naifuta leo, mbele ya hawa wote. Anayekuita Mia Hamsini anasema asichokijua, kama mimi."

Saide alitikisa kichwa taratibu. "Hapa wamekusikia. Nyumbani hawajakusikia."

Mashine ilifungwa, mizunguko miwili ikakimbiwa. Rafique alishinda, Carimo akawa wa tatu. Abdurremane hakungoja kukabidhi zawadi. Alimpakia Saide nyuma ya pikipiki yake, wakashika njia ya Quionga.

Zuleica, mke wa Saide, alikuwa uani anakuna nazi. Alimtambua mgeni, akaitikia salamu, mikono isisimame. Abdurremane alibaki wima, akasema yote aliyoyasema Palma, bila kuongeza wala kupunguza.

"Kwa hiyo hakudanganya?" Zuleica aliuliza.

"Sijui, dada. Nilipaswa kujua."

"Mimi najua." Aliweka nazi chini. "Kaka zangu mwaka mzima wananiambia nimeolewa na mwizi. Namba ile aliiandika hapahapa uani. Kopo nililishika mimi, na kitambaa cha kufutia mashine nilimpa mimi, kipande cha kanga yangu. Kikatoka na wekundu. Nikamwambia, mbona chekundu, na namba tunaandika nyeupe? Akasema labda ni kutu."

Saide alimgeukia mkewe. "Nilishasahau hilo."

"Mimi sikusahau. Hakuna aliyeniuliza."

Abdurremane alivua kofia, akaketi kwenye ukingo wa baraza. Akamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akamuuliza kitambaa kilipita upande gani wa mashine, nani mwingine alikuwa uani, na kama aliona spana yoyote ikitoka kisandukuni. Aliuliza moja baada ya jingine, na Zuleica akamjibu yote, bila haraka, mikono yake myeupe kwa nazi ikionyesha ilipokuwa imeegeshwa pikipiki.