Paka wa Vitasa Kumi na Saba

Fundi anapobadilisha kitasa, cha zamani humrudishia mwenye mlango pamoja na skrubu zake, hata kama kimeliwa na kutu. Kaloki alifundishwa hivyo na mjomba wake huko Machakos kabla hajafundishwa kushika bisibisi, na katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kwenda nyumbani na kitasa cha mtu. Ndiyo maana Jumatano ya tarehe mbili Januari 2008, saa tatu asubuhi, alisimama mlangoni pa Wakarima huko Soweto West, Kibera, akiwa na kitasa mkononi, asijue ampe nani.

Wakarima hakuwepo. Siku mbili kabla, vijana walimsindikiza kwa mapanga hadi barabarani, naye akaondoka na begi moja, kwa kosa la kuitwa Wakarima. Kura zilikuwa zimehesabiwa, hesabu ikazua balaa, na kufikia mwaka mpya kila jina lilikuwa na upande wake wa jiji. Chumbani mwake sasa alikaa Shiundu, fundi wa rangi, ambaye alikuwa amefukuzwa Kawangware kwa kosa lilo hilo la jina. Alikuja na godoro na redio.

"Weka tu kwa mfuko, fundi," Shiundu alisema. "Mwenyewe harudi."

Kaloki akakitia mfukoni. Hakupenda, lakini alikitia.

Hapo ndipo Sajini aliposhuka dirishani. Alikuwa paka wa Wakarima, mnene, mwenye mistari, mpole kiasi kwamba panya wa ploti hiyo ya vyumba vya kupanga walikuwa wamemzoea. Alivuka chumba bila haraka, akamrukia Shiundu na kumparura mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Alipomaliza alilamba kucha zake, akamjia Kaloki. Kaloki hakuuondoa mkono. Alihisi kuuondoa kungekuwa utovu wa adabu.

Damu ilipofutwa, mikono ya wanaume wote wawili ilisomeka WAKARIMA. Herufi zilikuwa kubwa na nadhifu, ila K iliegemea kidogo upande.

"Huyu amesoma," Shiundu alisema, akitafuta kitambaa kingine.

Wiki hiyo ikawa hivyo kila mahali. Waliofukuzwa hawakupata nafasi ya kubeba paka, na paka wakabaki na nyumba. Paka ambao mwezi uliopita walilala kwenye mapaja ya watoto sasa waliwaparura waliohamia, bila kulia na bila kutoa ngurumo, kila mmoja akiandika jina la aliyeondoka. Watu walijaribu kuwapa maziwa. Paka walikunywa maziwa, kisha wakaandika. Wengine walifungiwa kwenye magunia na kutupwa mtoni, na asubuhi walikuwa dirishani, wamelowa, wakingoja mtu akunje shati. Baada ya hapo watu wakazoea kuvaa mikono mirefu, na wauza mitumba wakaanza kuyaning'iniza mashati hayo mbele.

Kaloki alikuwa na kazi nyingi kuliko wakati wowote maishani mwake. Kila aliyeingia nyumba ya mwenzake alitaka kitasa kipya, na mafundi wengine hawakuweza kuvuka. Yeye alivuka. Kwenye vizuizi vya matairi, vijana wa kila upande walimuuliza swali moja.

"Unaitwa nani, mzee?"

"Kaloki."

"Mkamba. Pita."

Na yeye akapita, Kibera hadi Kawangware na kurudi, sanduku la vyombo begani. Jambo hili lilimpa kiburi kidogo, tusimfiche.

"Mimi sina upande," alimwambia mkewe, Ndunge. "Mimi ni wa vitasa."

Ndunge alikuwa akichagua mawe kwenye ndengu. Hakuinua macho.

"Na hivyo vitasa vyenyewe ni vya nani, Baba Kavindu?"

Vitasa Kaloki alivitia kwenye gunia chini ya kitanda, kila kimoja kimefungwa na skrubu zake kwa uzi, na kila kimoja alikijua ni cha mlango gani. Cha Wakarima kilikuwa juu. Mwaka uliopita Kavindu, binti yao, alipopandwa na malaria kichwani, Ndunge alikuwa Kitui kwa mazishi na Kaloki yuko kazini. Wakarima ndiye aliyefunga genge lake la makaa, akambeba mtoto mgongoni hadi zahanati na kukaa naye hapo siku mbili. Kaloki aliliwaza hilo kila alipovua shati, na lilimuuma kuliko kidonda chenyewe.

Katikati ya Januari alikwenda kudungwa sindano ya pepopunda. Muuguzi Nasambu alikuwa na foleni ndefu ya mikono, na kwa uchovu alikuwa akiandika kwenye daftari jina lililo karibu zaidi, yaani lile la mkononi. Kwa hiyo kulingana na daftari, Wakarima alikuwa ameshadungwa mara mbili mwezi huo, na walioondoka wote walikuwa wakihudhuria matibabu vizuri.

Alipoufikia mkono wa Kaloki, Nasambu aliweka kalamu chini.

"Wewe ndio niandike nani?"

Mkono ulikuwa na majina tisa, kutoka pande zote mbili, yamepangwa kama majina ya wanafunzi kwenye rejista.

"Andika Kaloki," alisema.

Nasambu akautazama mkono, akaugeuza. "Hilo halipo hapa," alisema, akamdunga.

Katikati ya Februari aliitwa Kawangware 56, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na mtu mmoja aitwaye Mburu. Mburu alikuwa mshona viatu, amefukuzwa Kibera. Alikuwa amepata chumba chenye pazia la maua na ukuta uliopakwa rangi ya samawati kwa ustadi mkubwa, pembe zake zimenyooka kabisa. Kaloki aliutambua ule mkono wa kazi kabla paka, jike jeusi lenye sikio lililokatika, hajamaliza kuandika. Aliandika SHIUNDU, kwa mwandiko wa kuunganisha.

"Hii paka huniandika kila Ijumaa," Mburu alisema. "Ikipona inarudia. Nimezoea. Wewe weka kitasa ya nguvu."

Kaloki akaweka. Kile cha zamani akakitia mfukoni, kikawa cha kumi na saba na cha mwisho. Si uadilifu uliomfanya aache. Aliacha kwa sababu vizuizi viliondolewa mwishoni mwa Februari, wakubwa wa siasa walipopeana mikono na wote waliotaka nyumba za watu walikuwa wameshazipata.

Shiundu aliliona jina lake siku hiyo hiyo ya kupeana mikono. Alikuwa akisikiliza redio nje, na Kaloki, kwa sababu ya joto, alikuwa amekunja shati.

"Hilo ni jina langu," Shiundu alisema.

"Ni lako."

"Ulikuwa kwangu?"

"Nilibadilisha kitasa."

Shiundu akaizima redio. Akaukuna mkono wake mwenyewe juu ya jina la Wakarima.

"Pazia bado iko?"

"Iko."

"Na ukuta?"

"Haijachafuka."

"Basi," Shiundu alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, akawasha redio tena.

Wakarima alikuja katikati ya Machi, kutoka kambi ya Jamhuri alikokuwa akilala kwenye hema pamoja na wengine waliofukuzwa. Alikuwa amekonda. Aliandamana na Mama Kaltuma, mwenye ploti, mzee wa Kinubi aliyezaliwa Kibera na ambaye tangu Desemba hakuwa na sauti juu ya vyumba vyake mwenyewe. Sajini alikuwa dirishani. Wakarima alimwita kwa jina, na paka akaja, akajisugua miguuni pake, akarudi dirishani.

Wakarima alitoa ufunguo na kujaribu kuutia mlangoni. Haukuingia. Akageuka kumtazama Kaloki, ambaye alikuwa ameitwa ili awe shahidi.

"Baba Kavindu, si wewe ndio ulifunga? Fungua basi."

Lilikuwa jambo la dakika mbili. Bisibisi ilikuwa mfukoni. Ndunge alikuwa amesimama nyuma yake, na Kavindu ameshika leso ya mama yake.

Shiundu alisimama kizingitini, mikono mirefu imefungwa vifungo. "Mimi nikitoka hapa naenda wapi, mama?" alisema. Hakuwa na hasira. "Kwangu kuna mtu."

"Mwanangu," Mama Kaltuma akamwambia Wakarima, "sina ubaya na wewe. Lakini huyu akitolewa leo, hii ploti yote itachomwa kesho. Chifu amesema kila mtu akae alipo, ndio kuwe na amani."

"Niko na ushahidi," Wakarima alisema, akimnyooshea kidole Shiundu, kisha Kaloki. "Huyu ameandikwa jina langu. Na huyu pia."

"Chifu anasema mkono si karatasi."

Wote wakamngoja Kaloki. Alitia mkono mfukoni, akaigusa bisibisi, akautazama mtaa, na vijana waliokuwa wameanza kukusanyika kwenye kona. Kisha akaenda nyumbani, akavuta gunia, akarudi na kitasa kimefungwa na skrubu zake kwa uzi. Alimpa kwa mikono miwili, kama mjomba wake alivyomfundisha.

"Cha zamani ni cha mwenye mlango," alisema.

Wakarima alikipokea. Akautia ufunguo ndani yake, akauzungusha. Ulimi wa kitasa ukatoka. Akauzungusha tena, ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu au nne huku kila mtu akisikiliza.

"Kinafunga vizuri," alisema, akakitia kwenye begi na kushika njia ya Jamhuri. Ndunge alimsindikiza. Kaloki hakuweza.

Ijumaa iliyofuata Shiundu alimwita tena. Kile kitasa kipya kilikuwa kinakwama, na yeye alikuwa na wasiwasi usiokwisha. Kaloki alifika na mafuta ya cherehani. Majina mkononi mwake yalikuwa yameanza kufifia, na lile la kwanza lilisomeka nusu tu. Sajini alikuwa ameshashuka dirishani, ameketi kando ya mlango.

Kaloki aliweka sanduku chini. Kabla ya kushika bisibisi alikunja shati hadi juu ya kiwiko, ili lisichafuke, akachuchumaa, akamnyooshea Sajini mkono, pale jina lilipofifia.