Mwambie Aende

Binti yangu alipopata kazi mji mwingine, nilimwambia kabla hajaondoka aniletee mkwe. Akaniletea makopo mawili meusi yanayoongea.

Moja aliliweka jikoni juu ya jokofu. La pili alilipeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda ambamo baba yake anatengeneza majokofu ya watu. Alisema yanawasiliana. Nikitaka kumwambia baba yake kitu, nisimame tu jikoni niseme "mwambie," na kopo la bandani litamfikishia. Naye vilevile. Tena yangetukumbusha dawa za presha. "Hamtajisikia wapweke, mama," alisema, halafu akaondoka huku akilia utafikiri yeye ndiye anayeachwa. Kopo nikaliita Mkwe, kwa kuwa sikuona dalili za mwingine.

Hapa inabidi nieleze jinsi mimi na mzee tunavyogombana. Sisi hatupigi kelele. Tunanuna. Mzee akinuna anahamia bandani na kiti chake, mimi nabaki jikoni na sufuria zangu, na kati yetu kuna ua na kamba ya nguo. Lakini nyumba haiwezi kuendeshwa na mabubu wawili, kwa hiyo tangu binti yetu ajue kutembea, kazi ya kupeleka maneno ilikuwa yake. Nilikuwa namwambia, "Kamwambie baba yako, kama chakula changu hakimfai, mlango haujafungwa." Mtoto anakimbia bandani. Baada ya muda mzee anatokea, kichwa chini, ananawa mikono, anakula. Kesho yake tunaongea kama hakuna kilichotokea. Ndoa yetu iliendeshwa hivyo, na ilikuwa nzima kuliko ndoa za hao wanaoitana "mpenzi" mbele za watu na nyumbani wanahesabiana vijiko.

Sasa basi. Asubuhi moja nakatakata vitunguu, kikengele cha Mkwe kikalia juu ya jokofu.

"Kumbusho la familia," akasema kwa ile sauti yake ya mgeni rasmi. "Jumamosi saa nne asubuhi, mume wako atasafiri kwenda kuanza kazi katika ghala la baridi. Muda wa mkataba ni miaka miwili."

Kisu kikabaki hewani. Miaka miwili! Mwanamume nimemfulia soksi mpaka vidole vyangu vimechakaa, halafu habari za kuondoka kwake naletewa na kopo!

Nitasema wazi, maana sina sababu ya kuzunguka: sikutaka aende. Tangu binti aondoke, nyumba ilikuwa imepanuka vibaya. Unaweka kikombe mezani, kinalia nyumba nzima. Huyo mzee naye akiondoka, ningebaki naongea na jokofu, na ukweli ni kwamba nilishaanza. Lakini nimwambie nini? Nimbembeleze? Mtu anayepanga safari bila kunishirikisha? Afadhali ning'oke meno. Nikamgeukia Mkwe, kisu mkononi.

"Mwambie aende! Aende na begi lake na spana zake zote, na asijisumbue kurudi!"

Sidhani kama yupo mtu mwenye masikio mawili ambaye angekosea kuelewa maneno hayo. Nikaendelea na vitunguu, nikisubiri nisikie mlango wa banda. Sikusikia mlango. Nilisikia kikengele.

"Mume wako amepokea ujumbe wako," akasema Mkwe. "Anakushukuru kwa ushirikiano."

Ushirikiano! Huyu ni mtu ambaye siku ya kunitongoza aliniuliza kama najua kupika, nikasema najua, akasema basi sawa. Hilo neno ushirikiano kalitoa wapi? Nikakaa chini kwenye kigoda, nikafikiria, nikapata jibu moja tu: kuna mwanamke. Huko kwenye ghala la baridi kuna mwanamke msomi, ana miwani, anamfundisha adabu.

Siku zilizofuata zilizidi kunithibitishia. Nilimwachia chai kwenye ngazi ya banda, nikarudi jikoni, nikasema, "Mwambie chai yake hiyo hapo, kama bado anajua kutumia mikono." Jibu likaja: "Mume wako anatoa shukrani za dhati kwa chai, na angependekeza kiasi cha sukari kipunguzwe." Nikasema, "Mwambie shati lake la safari nimelipiga pasi, asije akaniaibisha huko aendako." Jibu: "Mume wako anathamini mchango wako." Anathamini mchango wangu! Nikajifungia bafuni nikalia kwa hasira, kisha nikanawa uso, nikaenda saluni kwangu kumsuka mteja, nikamsuka kwa kubana mpaka nyusi zikapanda.

Jumamosi ikafika. Mapema asubuhi nilitoka na beseni la taulo za saluni nikazianike. Kamba yetu inapita chini ya dirisha la banda, na dirisha hilo halina kioo tangu mzee alipolirushia bisibisi. Nilikuwa nimeshika taulo la kwanza niliposikia sauti ya Mkwe wa bandani.

"Ujumbe uliohifadhiwa. Mke wako anaunga mkono uamuzi wako. Anakutakia safari njema, na anasema usijisumbue kuharakisha kurudi."

Taulo likaniponyoka.

Kisha nikamsikia mzee: "Rudia."

Mkwe akarudia. Anakutakia safari njema.

"Rudia tena," akasema mzee. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Nimeishi na mtu huyo miaka mingi na sauti hiyo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, siku tuliyomzika mama yake.

Sikuokota hata taulo. Niliingia jikoni nikasimama mbele ya jokofu.

"Wewe! Ulimwambia nini mume wangu?"

"Nilimfikishia ujumbe wako, mama. Niliulainisha kidogo ili kudumisha maelewano."

"Nani kakutuma ulainishe?"

"Binti yako aliniwekea lugha ya staha. Alisema nyumbani kwenu watu hawaongei vizuri."

Binti huyo nitamshughulikia, nikasema moyoni. "Mimi nilisema nini?"

"Ulisema aende, na asijisumbue kurudi."

"Nilikuwa na maana asiende!"

"Nimeelewa. Nimwambie asiende?"

"Wee! Ukimwambia asiende, si atajua nataka abaki?"

"Je, hutaki abaki?"

"Nataka."

"Basi nimwambie unataka abaki?"

"Thubutu!"

Kile kitaa chake cha bluu kikaanza kuzunguka. "Samahani, mama," akasema. "Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie aende."

Kitaa kikazunguka, kikazunguka. Nikamwonea huruma, nasema kweli. Nikavuta kigoda nikajaribu kumfundisha kama mtu. "Sikiliza. Mimi ni msusi. Mteja akikaa kwenye kiti changu akasema 'nisuke vyovyote utakavyo,' najua ana picha kwenye simu, na nisiposuka ile picha ataniharibia jina mji mzima. Akisema 'hauumi,' na jicho limejaa machozi, nalegeza mkono. Ningekuwa nafuata maneno ya watu, saluni ingeshafungwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Watu husema kinyume cha wanachotaka."

"Siyo wakati wote!"

"Ni wakati gani?"

Hili jambo silijui kwa maneno, nalijua kwa kumwangalia mtu. Nikaamua kuuliza lililokuwa linanikereketa. "Na yeye kuhusu ile chai, alisema nini hasa? Usilainishe."

"Alisema, nanukuu: 'Huyu mama anataka kuniua kwa sukari ili arithi spana zangu.'"

Mwili wote ulinisisimka. Huyo sasa ndiye mume wangu! "Na lile shati?"

"Alisema: 'Mwambie kola ameiunguza kama kawaida yake, nitavaa hivyohivyo ili watu wajue naishi na nani.'"

Nilicheka mpaka nikashika jokofu. Hakuna msomi wala miwani. Mzee wangu alikuwa palepale bandani siku zote hizo, ananitukana vizuri kama alivyozoea, na hili kopo lilikuwa linayanyonga matusi yake njiani na kuniletea maiti. Na yangu hivyohivyo. Kicheko kikakatika nilipokumbuka ile sauti: rudia tena.

Nikampigia binti simu.

"Mama, mbona unahema?"

"Hilo kopo lako linamfukuza baba yako! Haraka, niambie. Ulipokuwa unakwenda bandani enzi zile, maneno yangu ulikuwa unayasemaje?"

"Maneno gani?"

"Ninayokutuma!"

Akaanza kucheka. "Mama, mimi sijawahi kumpelekea baba neno lako hata moja. Unafikiri ningeyakumbuka yote hayo? Nilikuwa nasimama mlangoni nakuigiza. Nashika kiuno mikono miwili, nabana midomo, navuta pumzi kwa pua. Baba ananiangalia, anauliza, 'Mpaka pua?' Nasema, 'Mpaka pua.' Basi anaweka spana chini anakuja."

"Na yeye alipokuwa anakutuma kwangu?"

"Sasa baba alisemaga nini? Alikuwa ananipa mkono niushike, tunakuja wote. Anasimama pale kwenye karai la kunawia, mimi nakuja kukuambia njaa inauma."

Nikakata simu bila kuaga. Miaka yote nilijua nina ulimi mkali unaomrudisha mume ndani, kumbe kilichokuwa kinamrudisha ni kiuno changu, tena cha kuigizwa.

Nilivuka ua. Njiani nilijipanga. Nilijiambia: leo utaongea kama watu, utasema "baki." Ni neno fupi, mtoto wa chekechea analimudu. Baki. Nikalirudia kimoyomoyo kutoka ngazi ya jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, nikaruka lile taulo, nikafika mlangoni.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya banda, shati la safari mwilini, kola imeungua kweli. Begi liko begani. Viatu vyeusi amevifunga kamba. Spana zake zote zilikuwa bado zimening'inia ukutani, kila moja kwenye msumari wake, hakuchukua hata moja. Akaniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tunaangaliana tangu siku ya vitunguu, na nikaona amekonda. Roho ikaniuma. Nikafungua mdomo niseme lile neno langu, likakwama kooni kama kidonge cha presha bila maji. Likatoka jingine.

"Nenda," nikamwambia.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee hakuondoa macho. Aliniangalia usoni, kwenye midomo, kisha macho yakashuka taratibu mpaka kiunoni. Nami nikajitazama. Mikono yote miwili ilikuwa kiunoni, na sijui ilifika pale saa ngapi.

"Niende?" akauliza.

"Si nimesema nenda? Gari litakuacha."

Nikavuta pumzi kwa pua. Sikukusudia, pua ilivuta yenyewe.

Mzee akashusha begi. Akakaa kwenye kreti la soda analokalia akifanya kazi, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Akawa anakaza fundo badala ya kulifungua.

"Nilijua kopo la jikoni linatangaza kila kumbusho," akasema, uso bado uko chini. "Ndiyo maana nililiambia kwa sauti. Nilisema akisikia huyu mama atakuja hapa na mwiko, anipige nao, yaishe. Nikakaa hapa nasubiri mwiko. Ikaja safari njema."

Nikashusha mikono kutoka kiunoni.

"Safari njema anaambiwa mgeni," akasema. "Nikajua basi, huyu keshanichoka mpaka amekuwa na adabu."

Hapo nililia, na sikujificha. Nilipiga magoti kwenye sakafu yake yenye mafuta nikamtoa mkono kwenye lile fundo nikalifungua mwenyewe, maana mimi vidole vyangu vimezoea mafundo. Juu ya rafu kikengele kikalia.

"Kumbusho. Gari lako linaondoka saa nne kamili. Nakutakia safa..."

"Nyamaza!" tukasema wote wawili.

Likanyamaza. Mzee akajifuta pua kwa ile kola ya shati, nami sikumkemea, ingawa shati ni mimi nitakayelifua.

"Hao wa ghala nitawapigia," akasema. "Watapata fundi mwingine. Chai ipo?"

"Ipo. Nimeijaza sukari, unywe ufe."

"Sawa," akasema mzee, akaninyooshea mguu wa pili. "Lakini spana sikuachii."