Sauti ya Mama Kwenye Flashi

Pasi hakuitwa Pasi bure. Kwanza, kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli kwa dobi mkubwa, kutwa nzima amesimama kwenye mvuke. Pili, ukimgusa vibaya unaungua. Jumamosi hiyo mchana alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mama yake, mikono kiunoni, akiitazama televisheni iliyokuwa imeandika kwamba kifaa kilichochomekwa hakisomeki.

"Hakisomeki!" alisema. "Kwani kimeandikwa na daktari?"

Mdogo wake, waliyemwita Kapteni kwa sababu ya mpira anaoucheza kwa vidole gumba tu, alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine yake ya gemu. Alichomoa flashi, akaipuliza, akaichomeka tena. Televisheni ikaandika maneno yaleyale.

"Dada, tulia. Ni mambo ya kawaida haya."

"Kawaida kwako. Mimi nimeomba ruhusa kazini kuja kutazama mambo ya kawaida?"

Mama yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitambaa laini kimefunika shingo pale alipopasuliwa. Madaktari walimtoa uvimbe wa koo, na pamoja na uvimbe wakatoa sauti. Walimwokoa, Mungu awabariki, lakini mwanamke aliyesimamia jiko la shule maisha yake yote, aliyekuwa akiwaita watoto kutoka uwanjani kengele ikiwa haina kazi, alirudi nyumbani na ubao mdogo mweupe na kalamu ya wino wa kufutika. Tangu arudi hakuomba kitu. Uji akipewa anakunywa, dawa akipewa anameza. Mpaka wiki hiyo, alipomgeuzia Pasi ubao wake. Alikuwa ameandika: Nataka kuisikia sauti yangu.

Pasi aliyasoma maneno hayo, akaenda jikoni, akaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Sasa sauti hiyo utaipata wapi? Mama hakuwa mtu wa kurekodi ujumbe kwenye simu. Akikutaka anapiga, usipopokea anakuja mwenyewe, na ukimwona mlangoni unajuta kwa nini hukupokea. Mahali pamoja tu sauti yake ilikuwa imehifadhiwa: video ya harusi ya kitinda mimba wao, pale mama alipoinuka kuwausia maharusi. Na hata pale, kabla hajaanza, aliwaambia wageni, "Macho kwangu, simu mifukoni!" Ukumbi mzima ukatii, wakwe kwa watoto. Aliyebaki na kamera ni mpiga picha peke yake, kwa kuwa alikuwa kazini. Kazi yake yote ilikuwa kwenye flashi ile.

Televisheni yenyewe ilikuwa na tundu la flashi, lakini Kapteni alishaliua siku moja kwa kulazimisha chaja isiyo yake. Ndiyo maana walikuwa wanaiomba mashine ya gemu.

"Nimeshajua," Kapteni alisema. "Flashi imefomatiwa kwa mtindo ambao mashine hii haiutambui. Ni kuifomati upya tu."

"Kufomati si ndiyo kufuta?"

"Inafuta, ndiyo. Lakini kwanza naihamishia video kwenye kompyuta ya kazini, halafu nafomati, halafu nairudisha. Dada, hii ndiyo michezo yangu."

"Michezo!" Pasi alimsogelea mpaka Kapteni akasimama. "Sikiliza wewe. Hiyo flashi si mchezo. Ikipotea hiyo, mimi na wewe hatujuani. Tutapishana njiani kama wapita njia."

Kapteni alikula kiapo, akaitia flashi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alikuwa karani kwenye duka la matairi na ufunguo wa ofisi alikuwa nao. Alipotoka, mama aliandika: Mwache, anajitahidi.

"Mama, wewe ndiye uliyemdekeza," Pasi alisema, na mama akatabasamu bila kukataa.

Usiku huo Pasi alilala palepale, na usingizi wenyewe ulikuwa wa kuibia. Alikuwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani. Ugonjwa hauna uso wa kuusuta. Madaktari walifanya kazi yao. Alibaki Kapteni, ambaye angalau alikuwa na masikio.

Kesho yake Kapteni aliingia kifua mbele. "Kazi imekwisha! Mama, kaa vizuri. Video yenyewe nayo ilikuwa ya aina ambayo mashine haiichezi, nimeigeuza. Nimehangaika, lakini imekubali."

Pasi alivuta kiti cha mama karibu na televisheni, akamwekea mto mgongoni, akafunga dirisha ili kelele za barabarani zisiingie. Kapteni alichomeka flashi. Safari hii mashine iliitambua mara moja, faili likajitokeza na picha yake ndogo. Pasi alitaka kumsifu mdogo wake, sifa ikamfika mpaka kwenye meno.

Picha ilikuja safi. Ukumbi, mapambo, kitinda mimba wao ameinamisha macho. Kisha mama, amenawiri, amevaa kijani, anainuka na kidole kimenyooka kwa wageni. Akafumbua kinywa.

Kimya.

Kinywa cha mama kilifunguka na kujifunga, kidole kikaenda kushoto, kikaenda kulia, wageni wakacheka bila mlio. Mama aliyekuwa kwenye kiti alijisogeza mbele na kuinamisha sikio.

"Ongeza sauti," Pasi alisema.

"Nimeongeza."

"Ongeza tena!"

"Imefika mwisho, Dada."

Kapteni alichomoa waya nyuma ya televisheni na kuurudisha. Akachomoa vipokea sauti vya masikioni kwenye padi ya kuchezea, maana vikiwa pale sauti yote hukimbilia huko. Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akabadilisha hiki, akarudisha kile. Akazima, akawasha. Mama wa kijani aliinuka tena, akanyoosha kidole tena, bubu vilevile.

"Labda televisheni," Kapteni alisema kwa sauti ndogo, akafungua gemu lake la mpira ili kujaribu. Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo, mpaka glasi kabatini zikatetemeka. Mama alishtuka na kushika kitambaa chake.

"Zima!" Pasi alifoka. "Zima hilo dude! Mashabiki wa uongo wanasikika, mama yangu hasikiki! Umefanya nini? Nataka kujua, hatua kwa hatua, umefanya nini jana!"

Kapteni aliweka padi chini. Jasho lilimtoka. Alieleza akitazama zulia. Programu ya kugeuza video ilikuwa inakataa. Kila akibonyeza inamwambia sauti ya faili hili haikubaliki kwenye mashine ya gemu. Pale pembeni palikuwa na kisanduku chenye alama ya tiki, kimeandikwa sauti. Akaitoa ile tiki. Programu ikaacha kulalamika, ikafanya kazi mpaka mwisho.

"Umeitoa sauti," Pasi alisema.

"Nilidhani inaitoa ile mbovu na kuweka nzuri. Na kompyuta ya ofisini haina spika, Dada. Niliona picha inacheza, nikajua tayari."

"Haya. Rudi ofisini sasa hivi. Ichukue ile ya mwanzo, ianze upya."

Kapteni hakuondoka. Pasi alimshika bega.

"Ya mwanzo iko wapi?"

"Nimeifuta."

"Umesemaje?"

"Nilisafisha. Flashi nilishaifomati, na ile ya kwenye kompyuta nikaifuta, na kapu la takataka nikalimwaga." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Si ndivyo tulivyolelewa? Ukimaliza kazi, usiache uchafu nyuma yako. Halafu niliendelea kuhamisha picha za matairi pale, diski ikajaa. Nilijaribu kuirudisha leo asubuhi kwa sababu nilitaka tuwe na mbili. Haipo."

Ni kweli ndivyo walivyolelewa. Katika nyumba ile ukipika unafuta jiko kabla hujala, ukishona unaokota uzi wa mwisho sakafuni. Mama aliwakagua kwa kidole. Pasi alilijua hilo, na kulijua kulimchoma zaidi.

Alinyakua simu akampigia mpiga picha. Yule bwana alikuwa na adabu zake, alipokea, akasikiliza, akapiga kite. "Pole sana, dada yangu. Mimi mteja akishachukua kazi yake, nafuta ili nipate nafasi. Ningejua ningeitunza."

"Ungejua!" Pasi alisema, akakata simu bila kuaga.

Basi ndiyo hivyo. Imekwenda. Sauti iliyobaki duniani ilikuwa mle ndani ya flashi jana saa kama hizi, na leo imebaki picha ya mwanamke anayefungua kinywa. Pasi aliihisi hasira ikipanda kutoka kwenye nyayo, na hakuizuia.

"We mtoto!" alianza. "We mtoto, hicho kichwa ulipewa cha kuvalia kofia? Kisanduku kimeandikwa sauti, si kwa mafumbo, sauti! Ukakitoa! Nani alikwambia utoe kitu usichokijua? Kila siku nasema humu ndani, uliza! Mdomo wa kuomba chai unao, mdomo wa kuuliza huna! Ungenipigia simu ungepungukiwa nini? Mikono miepesi, akili iko likizo! Na usinililie hapa, machozi hayageuzi video! Simama wima ninaposema na wewe!"

Kapteni alisimama wima. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Eti nilisafisha! Safisha, ndiyo, safisha! Lakini mtu anasafisha baada ya kuonja! Umeshaonja kama mboga ina chumvi ndipo unamwaga maji ya kuoshea, ama unamwaga kwanza? Eeh? Nijibu! Si naongea na wewe, ama naongea na ukuta?"

Alimgeukia mama yake, amwombe radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Akakatisha maneno.

Mama alikuwa ameegemea mto, amefumba macho. Uso wake ulikuwa umelegea, mkono mmoja kifuani. Pasi alidhani amezidiwa. Alikimbia akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama! Mama, nisamehe, nimekupigia kelele kichwani. Basi, nimenyamaza."

Mama alifumbua macho, akatikisa kichwa kwa nguvu. Akatafuta kalamu mapajani, akaandika upesi, herufi zikipandana: Usinyamaze.

"Sielewi, Mama."

Mama alifuta ubao kwa kiganja. Safari hii aliandika polepole, akaugeuza kwao wote wawili: Ndivyo nilivyokuwa nikigomba. Neno kwa neno. Endelea kumgombeza.

Pasi aliusoma ubao, akausoma tena. Alitazama televisheni, mama wa kijani bado kidole juu. Alifumbua kinywa ili aendelee, na hakupata hata neno. Mwanamke aliyegombana na mameneja, na makondakta, na mashine za mvuke zilizokataa kuwaka, aliambiwa gomba akashindwa. Alibaki amepiga magoti, na mama anamngoja, ameinamisha sikio kama alivyofanya mbele ya televisheni.

"Dada," Kapteni alisema kwa upole. "Sema basi."

"Siwezi."

Kapteni alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alimtazama mama, akamtazama dada yake. Kisha akaenda akajitupa kwenye kochi, akainua miguu yote miwili na viatu vyake vya barabarani, vyenye tope la asubuhi, akaviweka juu ya meza ya mama, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

Pasi aligeuka.

"Wewe!" alisema, na sauti ikamtoka tumboni. "Viatu juu ya meza? Viatu! Umekosa mahali pa kuviweka dunia nzima, ukaona kitambaa changu? Hiyo meza ni uwanja wa mpira? Shusha! Nahesabu mpaka tatu, nikifika tatu usinijue!"

Alisikia alichosema, changu, na hakujirekebisha. Alisimama, akanyoosha kidole, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akaendelea kufoka.

Kapteni hakushusha miguu. Mama alikuwa ameshafumba macho.