Siku ya Sita ya Kakakuona

Siku sita! Hebu niambie, mnyama wa kilo tatu tu atakaaje siku sita bila kutia kitu tumboni, na bado watu wanapita dirishani wakibishana kama ni samaki au mjusi? Kakakuona si samaki wala si mjusi. Jike lake hunyonyesha kama ng'ombe. Ila kwa magamba yale, na ule mwendo wa miguu ya nyuma huku mikono iko kifuani, ungedhani ni mzee aliyesahauliwa hapa tangu dunia haijakauka vizuri. Ndiyo maana pale kwenye bustani ya wanyama walimwita Babu.

Mtunzaji wake, mama mmoja mkali wa maneno lakini mwepesi wa machozi, alimpokea kutoka kwa askari waliomkuta amefungwa ndani ya gunia. Tangu hapo Babu hakuonja kitu. Mama wa watu alihangaika: mayai, wapi, nyama ya kusaga, wapi, mchwa waliokaushwa, Babu aliwanusa tu akajikunja kama mpira. Wenzake wakamtania kwamba hata mumewe hajawahi kubembelezwa hivyo. Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Asubuhi ile ya sita, Babu alipowekwa kwenye mizani, daktari wa wanyama alisoma uzito mara mbili. Kisha akamwambia mtunzaji bila kuzunguka kwamba Babu asipokula leo, yeye kesho asitarajie kumkuta hai. Mtunzaji akamwendea shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayetunza miti na maua mle mle bustanini. Akamwomba, yeye asiyependa kumwomba mtu, amtafutie majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa kiota na kuuma kama wamelipwa.

Shemeji alikuwa na maneno mengi, lakini moyo wake mweupe. Kabla ya saa sita mchana kopo la majimoto lilikuwa mezani, limejaa. Mtunzaji akamimina kiasi kwenye bakuli, akaliweka sakafuni, akarudi nyuma ameshika kifua. Babu akajikunjua. Akanusa. Kisha ulimi ule mrefu, mwembamba kama uzi wa kufumia, ukatoka na kurudi, ukatoka na kurudi.

Jamani, alikula! Mtunzaji alijiziba mdomo asimshtue. Akamwongezea. Akamwongezea tena, huku akimwita baba, mume, mpenzi, majina yote mazuri aliyokuwa nayo. Kopo lilipobaki tupu akatoka mbio kumshukuru shemeji, akamkuta nje ananawa bombani.

Akamshika mikono yote miwili, akaitazama. Haikuwa na alama hata moja ya kuumwa. Akamuuliza amewezaje, kopo zima lile.

"Ah, shemeji, mimi si mjinga," alisema, uso umejaa tabasamu. "Niliwapulizia ile dawa ya kuulia wadudu wa maua kidogo tu, wasije wakakuuma na wewe. Hukuona walivyotulia?"

Alikuwa ameona. Walikuwa wametulia mno, na yeye kwa haraka yake alishukuru tu, hakujiuliza. Akamwambia akamwite daktari, sasa hivi, na sauti yake ilimfanya shemeji atimue mbio kabla ya kuuliza sababu. Yeye akarudi chumbani akikimbia, viatu vinamtoka miguuni.

Babu alikuwa bado anakula. Siku sita mama huyu alimwomba Mungu mnyama ale, na sasa aliomba awe amekinai, awe amechoka, awe ametema japo kidogo. Akalinyakua bakuli. Walibaki chungu wa kuhesabika.

Babu hakujikunja. Kwa mara ya kwanza hakumwogopa. Alimfuata kwa miguu yake ya nyuma mpaka ukutani, akainua pua, na ulimi ukaanza kutafuta kwenye vidole vyake. Mtunzaji akaficha mikono nyuma ya mgongo, analia kwa sauti, akimwambia basi, Babu, nisamehe, imetosha.